Shuka Zile Hazikuwa Zangu

Jina lake silitaji. Msidhani namfichia, maana nimeshamfichia ya kutosha. Silitaji kwa sababu nilikuwa mkamwana wake, na kwetu Unyakyusa mkamwana hataji jina la baba mkwe. Hata neno lililofanana nalo nililikwepa. Kuna mboga moja ambayo kwa miaka tisa niliiita "ile ya majani mapana," kwa kuwa jina lake kwa Kinyakyusa lilianza kama jina la mzee. Nikienda sokoni Tukuyu wauzaji walinicheka, lakini wale wakubwa walielewa na kunichagulia fungu zuri.

Kumtila, ndivyo tunavyosema: kumwogopa mkwe kwa heshima. Humwangalii usoni. Huzungumzi naye. Huingii chumbani kwake, hukalii kiti chake, hugusi nguo yake. Mkikutana njiani, wewe ndiye wa kuingia migombani mpaka apite. Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na vijana kuvaa mitumba ya Ulaya, wengi walikuwa wameshailegeza mila hiyo. Makanisani wakwe walisalimiana kwa mkono. Mzee wetu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa kabisa, na aliyesoma mpaka akawa karani wa ushirika, hakulegeza hata uzi mmoja. Watu walimsifu kwa hilo. Hata mimi nilimsifu.

Nilimpenda, nisiseme uongo. Uso wake niliujua kwa picha ya ukutani sebuleni, ile aliyopiga siku alipopandishwa cheo, na mgongo wake niliujua kwa kuuona ukiondoka. Lakini wema wake ulinifikia kila siku. Akiwa anarudi nyumbani alianza kukohoa tangu kwenye kona ya jirani, kikohozi cha kutengeneza tu, ili nipate muda wa kujiondoa njiani bila kukimbia. Nilipojifungua Tumaini, kila asubuhi kibuyu cha maziwa ya mgando kililetwa jikoni na mama mkwe. Anasema, "Mzee amesema huyu anayenyonyesha anywe kwanza." Yeye mwenyewe maziwa hakuyagusa. Nilidhani ananiachia.

Siku moja mume wangu alinipiga kofi kwa ajili ya chumvi. Chumvi! Nikasikia sauti ya mzee kutoka upande wa pili wa ukuta, taratibu, kama anayesoma tangazo kanisani: "Mtoto wa watu hapigwi nyumbani kwangu. Anayetaka kupiga ajenge kwake." Mume wangu hakunyanyua mkono tena. Na mimi tangu siku ile nikajisemea, hapa nina baba. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Alikuwa na tabia zake, na mji mzima ulizijua. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ingawa wazee wenzake walikaa mbele. Wakasema ni mnyenyekevu. Kwenye harusi alitoa hotuba, akabariki chakula, kisha akaaga kabla sahani hazijafika. Wakasema hana tamaa. Safari ya Mbeya hakuipenda, na ikimlazimu, alikaa siku nzima kabla yake bila kutia kitu kinywani. Wakasema anafunga na kuomba. Ushirika ulipoanza kupunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kujitoa, na kwenye mkutano akapigiwa makofi kwa kuwapisha vijana. Mama mkwe aliponieleza baadaye sababu yake, sikujua nicheke au nilie. Ghala walilomhamishia halikuwa na choo.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mtu ni usafi." Shati jeupe, suruali nyeusi, siku zote nyeusi. Kidole chake kikipita juu ya meza na kuona vumbi, nyumba nzima ilijua. Tumaini alipoanza kukua alimfundisha kunawa mikono kwa kuimba tarakimu, kuanzia moja mpaka ishirini. Mimi niko jikoni nasikia wanaimba, natabasamu peke yangu na mwiko mkononi.

Sasa nieleze habari za shuka.

Mwaka wangu wa kwanza pale mtaani Bulyaga, mama mkwe alikuwa akifua mwenyewe, alfajiri, kabla watu hawajaamka. Mikono yake ilikuwa na baridi yabisi, na maji ya Tukuyu mnayajua, yanauma hadi kwenye mfupa. Asubuhi moja alinikuta nachochea moto, akaweka ndoo chini, vidole vimekakamaa kama mizizi ya tangawizi.

"Mwanangu," akasema, "mikono imekataa. Hizi ni shuka zangu. Nisaidie leo tu."

"Ndiyo, mama."

Leo tu! Nilipofunua nilikuta kinyesi na damu. Nikajua mama anakufa. Nilifua huku machozi yananitoka. Kesho yake ndoo ikaja tena, na keshokutwa. Sikuuliza. Mkamwana haulizi, anafua.

Kisha mama mkwe akaitwa msibani Mwakaleli, akakaa huko siku nne. Nikasema, haya, nitapumua. Asubuhi ya kwanza natoka jikoni, nikakuta ndoo mlangoni, imefunikwa jani la mgomba vizuri, limekunjwa pembeni kama anayefunga zawadi. Mbali kidogo, nyuma ya nyumba, nikasikia kile kikohozi cha kutengeneza. Alikuwa ananijulisha ndoo ipo.

Nilisimama pale. Kwa hiyo zilikuwa zake. Mimi mkamwana, nimekuwa nikishika uchafu wa mkwe wangu kwa miezi mitano, na yeye anajua, na mkewe anajua. Kwa mila ni jambo la kutolea ng'ombe na kuombana radhi. Lakini ukimwona mtu mzima, msafi vile, amekunja jani kwa aibu namna ile, utafanyaje? Niliichukua ndoo. Tangu siku hiyo tukawa tunaelewana, mimi na yeye, bila neno hata moja.

Mama aliporudi nilimwambia tu, "Shuka za siku nne nimefua, mama." Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Ahsante sana. Ndipo akanikalisha, akanieleza. Walishakwenda Mbeya kwa daktari mkubwa. Wakaambiwa ni vidonda kwenye utumbo mpana, ugonjwa wa kukaa nao mpaka siku ya mwisho, unatulia na kuamka. Hauambukizi, hakulogwa na mtu, hakula sumu. Dawa zipo, ila awe anarudi kupimwa. Mzee alirudi mara moja, basi. Alisema kule anakutana na watu anaowajua.

"Basi mama," nikamwambia, "amwite mzee mmoja anifungue, tusalimiane, nimhudumie waziwazi." Maana njia ipo. Baba mkwe akizeeka au akiugua, anaweza kumwita mkamwana mbele ya wazee, wakashikana mikono, mwiko ukaisha. Mama akampelekea neno. Jibu likarudi jioni ile ile: "Nikimfungua, watauliza kwa nini."

Watu husema mgonjwa ndiye anayeumwa. Njooni mtuulize sisi tuliokaa naye. Maharage hayakupikwa nyumba ile, wala kande, kwa sababu yeye hayakumfaa, na kupika vyungu viwili kungezua maswali. Ukiwa chooni ukasikia hatua za haraka unatoka hata kama hujamaliza. Mume wangu tangu utoto hakuwahi kuleta rafiki alale kwao, na ukubwani akawa hivyo hivyo, mtu wa kusimama na wenzake barabarani. Mama mkwe hakwenda harusi ya mdogo wake mwenyewe kwa kuwa wiki ile ugonjwa ulikuwa umeamka. Aliniambia ana miaka ishirini hajalala usiku mmoja mzima, na aliniambia huku anacheka.

Na mvua! Tukuyu mvua haikuonei huruma. Shuka unaifua leo, inakauka Alhamisi. Nilizianika migombani nyuma ya nyumba, zikigoma nazitundika jikoni juu ya moshi. Tumaini akanuka moshi, mimi nikanuka moshi, chakula kikanuka sabuni. Angalau ruksa ilituletea sabuni. Mama alinisimulia miaka ya nyuma alivyokuwa akifulia majivu, akaishika ile sabuni ya mche kama mtu aliyeshika mtoto.

Mama mkwe ndiye aliyekufa kwanza. Aliumwa kichwa siku mbili, ya tatu hakuamka. Watu walisema shinikizo la damu, wengine malaria. Mimi najua alichoka. Msibani mzee alisimama akasema amepoteza mkono wake wa kulia, na aliyelia kuliko wote nilikuwa mimi, maana mkono wa kushoto ulikuwa umebaki.

Sasa fuateni hapa vizuri, kwa sababu ndipo nilipopotezwa.

Mama alipokuwa hai, majirani wakiona shuka migombani walisema ni za bibi yule, umri umekwenda, mwacheni. Bibi kazikwa. Shuka bado ziko migombani, kila siku ya Mungu. Ni za nani? Za mzee? Hapana! Mkamwana hagusi shuka za mkwe, na mzee huyu ni yule yule asiyelegeza mila hata uzi. Mtoto? Tumaini ana miaka saba. Kwa hiyo aliyebaki ni nani? Ni mimi. Walipiga hesabu yao wakapata jibu, na kwa mila zetu jibu lilikuwa sahihi kabisa.

Wakaanza kunisogelea kwa upole. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisani, mama mmoja mnene, mwenye sauti tamu, alinivuta pembeni baada ya ibada. "Mwanangu, wanawake tuna mambo mengi baada ya uzazi. Usione aibu. Hospitali wanashona siku hizi." Nikamwambia siumwi. Akanipapasa bega. Jumapili iliyofuata benchi langu likawa na nafasi kubwa. Kisha kwenye msiba mmoja wakaniondoa kwenye kupika, wakanipa kazi ya kuchota maji.

Nilimwambia mume wangu, "Baba Tumaini, sema na baba yako." Akasema, "Nitasema nini? Nimwambie baba yangu mambo ya shuka?" Yeye alijua. Alijua tangu yuko darasa la pili. Lakini na yeye alianza kuchoka na macho ya watu, na wenzake walikuwa wameshamwuliza kwa nini anakaa na mwanamke anayevuja.

Kikao kikaitishwa sebuleni. Mimi jikoni, ukuta katikati, kama kawaida yangu. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo, mume wangu, na yule mwenyekiti wa kina mama, aliyeitwa kwa kuwa ni mambo ya kike. Mwenyekiti akaeleza kwa sauti yake ya asali: binti ni mchapakazi, lakini ana maradhi ya kutojizuia, hataki kukubali, na mume bado kijana. Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mwenye nyumba, wewe unasemaje?"

Niliacha kila kitu. Nikajisemea, sasa. Baba atasema. Hata akitaja robo tu. Hata akisema "mwacheni huyu binti," bila kueleza, maana neno lake lilikuwa halipingwi na mtu. Aliwahi kunitetea kwa chumvi, atashindwa kwa hili?

Nikasikia kiti chake kikilia. Kisha ile sauti, taratibu: "Mambo ya mkamwana mimi siyajui. Mila hainipi ruhusa kuyajua."

Loo! Wazee wakampongeza. Wakasema, hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Mume wangu, nilimsikia kwa masikio yangu, akasema, "Basi aende kwao Kiwira akapumzike kidogo." Asubuhi ile ile nilikuwa nimefua mbili. Fadhila za punda ni mashuzi, wahenga walisema, na mimi yangu yalikuwa kwenye ndoo.

Nilipumzika Kiwira miezi mitatu kabla sijaambiwa na dereva wa lori la ndizi kwamba mume wangu ameoa. Mahari yangu hawakuidai irudishwe, wala talaka sikupewa, wala kuitwa sikuitwa. Nikarudi Tukuyu na Tumaini wangu, nikapanga chumba mtaa wa Ibighi, nikaanza kuuza chai na chapati karibu na gereji. Mume wangu na yule mke mpya wakahamia Dar es Salaam. Akina mama wa mitaa ile walikunywa chai yangu, lakini wengine walilifuta benchi kwa kanga kabla ya kukaa. Niliona. Hasira ilinikaa kooni miaka sita, na katika miaka yote hiyo, mjinga mimi, nilijikuta nikiamka alfajiri na kujiuliza, leo nani amefua?

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimekwenda hospitali kung'oa jino. Nimekaa kwenye benchi la korido, shavu limevimba, nikamwona mzee ameegemea mlango wa daktari, amekonda, shati jeupe limekuwa kubwa. Yule mwenyekiti wa kina mama ndiye aliyemleta, na nilimsikia akisema anakwenda kumnunulia daftari la matibabu. Nikatafuta mgomba wa kuingia. Kwenye korido ya hospitali hakuna mgomba.

Daktari, kijana tu, akamwingiza akaacha mlango wazi kidogo. "Tumbo limeanza lini, mzee?"

"Juzi."

"Umeona damu?"

"Hapana."

Daktari akaanza kuandika dawa za kuhara. Mimi nikasimama. Sijui nani alinisimamisha, maana nilikuwa na kila sababu ya kukaa. Nikasukuma mlango nikasema, "Daktari, usiandike hivyo. Ni miaka zaidi ya ishirini. Damu ipo, ugonjwa ukiamka ni mara nane, mara kumi kwa siku, na ute kama wa bamia. Unaanza msimu wa baridi. Maziwa na maharage humchafua. Mbeya walimwambia ni vidonda vya utumbo mpana."

Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani tangu aliposikia sauti yangu.

"Wewe ni nani wake?" daktari akauliza.

"Mkamwana wake."

"Mzee, ni kweli?"

Nikasikia saa ya daktari. Kisha mzee, uso ukutani, akasema, "Ni kweli. Yeye ndiye aliyekuwa akifua."

Wenzangu, nililia. Nililia mbele ya yule kijana mpaka akanipa pamba ya kujifutia. Jino lilisahaulika. Nilijiona nimetoka gerezani. Daktari akachana ile karatasi, akaandika upya, akamweleza kuhusu vidonge na kwenda Mbeya, na mzee akaitikia kila neno. Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma hatua kadhaa, kwa adabu.

Koridoni mwenyekiti alikuwa amerudi na daftari. "Mama Tumaini! Siku nyingi!" Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akainamisha sauti, lakini sauti yake haikujua kuinama, benchi zima lilisikia. "Na lile tatizo lako, mwanangu, lilipona?"

Nikamtazama mzee. Safari hii nilimtazama usoni, macho kwa macho, mila na yote. Alikuwa na macho ya kahawia kama ya Tumaini. Nikangoja. Alichotakiwa kusema alikuwa amekisema dakika mbili zilizopita, hatua nne nyuma yetu, na hakikumuua.

Akatazama daftari.

"Mama," nikasema, "lile tatizo halikuwa langu. Shuka zilikuwa za mzee. Huyo hapo, mwulize."

Kisha mwenyekiti akacheka, na wengine wakacheka naye. "We mtoto! Mkamwana afue shuka za baba mkwe, hapa hapa Rungwe? Kwa mzee huyu?" Akaacha kucheka, akanikazia macho. "Umtukane mume wako aliyekuacha, sawa, tutakuelewa. Lakini usimsingizie mzee wa watu, mgonjwa. Mzee, umesikia unavyosingiziwa?"

Mzee alikunja karatasi ya daktari mara mbili, akapokea daftari, akaiingiza katikati yake, akaliweka kwapani.

"Twende, mama," akamwambia. "Mvua hiyo inakuja."